Fedha za msaada ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: majina yafichwe, mgao utangazwe

Waasi wa M23 walipoingia Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa, mwezi Desemba 2025, na makumi ya maelfu ya watu wakavukia Burundi, mazungumzo ya Kigoma yalibadilika. Sokoni Mwanga watu waliulizana habari za ndugu, na katika ofisi za mashirika watu waliulizana habari za bajeti. Mimi ni mhasibu. Nimefanya kazi katika mashirika ya misaada hapa Kigoma, mengine yakihudumia kambi za upande wetu, Kasulu na Kibondo, na mengine yakipeleka mizigo ng'ambo, Fizi na Kalemie za Kongo. Kwa hiyo swali langu ni la kihasibu, ingawa nadhani linawahusu wengi kuliko wahasibu: fedha zitakazotumwa kwa jina la watu hawa zitasimamiwa vipi, na ni nani atakayekuwa na uwezo wa kusema kwamba hazikufika?

Kigoma ina nafasi ya pekee ya kulijadili jambo hili. Chakula cha msaada kinachokwenda Kalemie kimekuwa kikija kwa reli kutoka Dar es Salaam, kikipakuliwa bandarini kwetu na kuvushwa ziwa. Watu wanaokimbia vita nao huja kwa njia hiyo hiyo, wakielekea upande wa pili. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na mwaka 2015 tuliwapokea Warundi waliojazana Kagunga, kijiji kilicho mpakani kabisa, ambako kipindupindu kilizuka na ikabidi meli ya Liemba iwasombe watu hadi Kigoma mjini. Tunaiona bidhaa inapoondoka na tunamwona mtu anapowasili. Mfadhili aliyeko Geneva au Washington huiona karatasi peke yake.

Mafunzo mengi ya udhibiti wa fedha niliyowahi kuhudhuria yalianzia kwenye risiti, yakaendelea kwenye zabuni na kuishia kwenye usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki. Yote hayo ni ya lazima, na sina nia ya kuyadharau. Lakini kadiri ninavyosoma yaliyotokea katika ukanda huu wa Maziwa Makuu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba upotevu mkubwa hautokei kwenye risiti bali kwenye orodha ya walengwa, yaani ile karatasi inayosema kaya ngapi zimehama, zimetoka wapi na zina watu wangapi. Ukishaikubali orodha yenye majina hewa, kila kitu kinachofuata kitakuwa sahihi kihasibu. Magunia yatalingana na majina, saini zitalingana na magunia, na mkaguzi wa nje ataandika hati safi.

Mfano mkubwa zaidi ni Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 1994. Mamia kwa maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda katika siku chache za mwezi Julai, kipindupindu kikaanza kuwaua, na mashirika yakalazimika kugawa chakula kwa kutumia uongozi uliokuwepo tayari. Uongozi huo ulikuwa ule ule wa mikoa na wilaya za Rwanda, na ndani yake walikuwemo watu walioshiriki kupanga na kutekeleza mauaji ya kimbari. Wao ndio waliotoa hesabu ya watu, wao ndio waliopokea chakula kwa niaba ya watu, na ziada iliyotokana na hesabu iliyotiwa chumvi ikawa nguvu yao ya kisiasa na ya kijeshi ndani ya kambi. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, liliondoka katika kambi hizo Novemba 1994 kwa sababu hiyo. Mashirika mengine yalibaki, na siwalaumu waliobaki, maana watoto waliokuwemo mle hawakuwa wameua mtu. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa na orodha ndiye aliyekuwa na kambi.

Miaka ishirini na minne baadaye, katika nchi hiyo hiyo, shirika la Mercy Corps liligundua udanganyifu katika mpango wake wa msaada wa haraka mashariki mwa Kongo. Mpango wa aina hiyo hufanya kazi hivi: taarifa inakuja kwamba kijiji fulani kimepokea wakimbizi wa ndani, timu inakwenda upesi kutathmini, majina yanaandikwa, na fedha taslimu zinagawiwa katika muda mfupi kabla njaa haijafanya madhara. Kasi ndiyo fadhila ya mpango huo, na kasi hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa. Wafanyabiashara, viongozi wa mitaa na baadhi ya wafanyakazi wa misaada walishirikiana kuongeza watu ambao hawakuhama popote, kisha fedha zikakusanywa na kugawanywa. Shirika lenyewe lilikadiria kwamba lilipoteza dola 639,000 katika muda usiofika miaka miwili. Mwaka 2020 tathmini iliyogharamiwa na Waingereza ilionyesha kwamba tatizo halikuwa la shirika moja bali la mfumo mzima wa misaada nchini humo, kuanzia kupata ajira kwa kuhonga hadi mzabuni kurudisha cha juu kwa aliyempa kazi.

Naomba niliseme hili kwa haki: Mercy Corps walijichunguza wenyewe na kuwaarifu wafadhili. Shirika linalotangaza wizi uliotokea ndani yake huonekana baya kuliko lile linalonyamaza, na hapo ndipo wafadhili wanapotuharibia kazi, kwa kumwadhibu anayesema. Nimekaa katika vikao ambavyo meneja alitaka kuripoti upungufu mdogo wa ghalani, akaambiwa na wakubwa wake asubiri mkataba mpya usainiwe kwanza. Upungufu ule ungeweza kurekebishwa wiki ile ile.

Jirani zetu wa Uganda nao walipitia mtihani huo mwaka 2018. Takwimu za serikali na za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, zilikuwa zikitaja wakimbizi wapatao milioni 1.4, lakini baada ya uhakiki wa alama za vidole na mboni za macho, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1. Si haki kusema kwamba tofauti yote hiyo ilikuwa wizi, kwa sababu wakimbizi huhama, hurudi kwao kimyakimya, na wengine huandikishwa mara mbili bila nia mbaya. Lakini baadhi ya maofisa walisimamishwa kazi, na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka huo huo juu ya udhaifu mkubwa katika mikataba na manunuzi, ikiwemo ya kusomba maji kwa malori. Kila mgao wa maji, wa mafuta na wa mablanketi hukokotolewa kwa kuzidisha idadi ya watu, kwa hiyo kosa la orodha huzaa kosa katika kila safu ya bajeti.

Wengi hudhani kwamba alama za vidole zimemaliza tatizo hili. Kambini Nyarugusu na Nduta zimesaidia sana, na mtu aliyewahi kuona foleni za zamani za kadi za karatasi anaelewa kwa nini. Lakini kambi ya Tanzania ina uzio wa sheria, ina ofisi ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ina umeme wa jenereta na mtandao wa simu. Katika milima ya Fizi hakuna hata kimoja cha hivyo cha kutegemewa. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Kwa watu wengi kitambulisho pekee ni kadi ya mpiga kura, na mtu aliyekimbia usiku akiwa amebeba mtoto na sufuria hana kadi hiyo. Ukisema kwamba hapati msaada asiye na kitambulisho, umewaondoa wale wale uliowajia.

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu, nayo huwa haipewi uzito unaostahili katika mafunzo ya fedha. Katika nchi yenye vita, orodha ya majina ni kitu cha hatari. Inaonyesha nani ametoka kijiji gani, ni wa kabila gani, analala wapi sasa, na kaya ipi haina mwanamume. Eneo likibadilisha mikono, kama Bukavu ilivyobadilisha mikono Februari 2025, orodha iliyobaki kwenye kabati la ofisi nayo hubadilisha mikono. Ndiyo maana sikubaliani na wafadhili wanaodai nakala za orodha zenye majina kamili ziambatishwe kwenye kila ripoti ya robo mwaka, zikipita kwenye barua pepe za watu kumi, eti kwa ajili ya uwazi.

Uwazi ninaoutaka mimi ni wa namna nyingine. Majina yafichwe, lakini mgao utangazwe. Jina la Mama fulani ni siri kati yake na shirika. Ila kwamba kaya ya watu watano inastahili kupata kilo kadhaa za unga, maharage kiasi fulani, chupa ya mafuta ya ujazo fulani na chumvi, hilo linatakiwa lijulikane na kila mtu kijijini tangu siku iliyotangulia. Lijulikane pia ni kaya ngapi zimeandikishwa katika kijiji hicho, kwa sababu wenyeji wanajua kijiji chao kina vibanda vingapi. Ukibandika ubaoni kwamba kitongoji chenye vibanda arobaini kina kaya mia mbili zilizopokea wageni, huhitaji mkaguzi kutoka Nairobi. Watu watacheka pale pale kwenye ubao, na kicheko hicho ni taarifa ya ukaguzi.

Nimeliona jambo hili likifanya kazi katika kituo kimoja cha mgao ng'ambo ya ziwa. Mwanzoni unga ulikuwa ukipimwa kwa kopo la plastiki lililokatwa kwa kisu. Kopo hilo lilikuwa la mtu wa ghala, na mdomo wake ulikuwa umekatwa kwa mshazari, hivyo kila lilipochota upande mmoja ulibaki mtupu. Kwa kaya moja upungufu ulikuwa wa viganja viwili vya unga. Kwa foleni nzima ulikuwa ni magunia. Kwenye leja hapakuwa na tatizo lolote, kwa kuwa leja iliandika makopo. Mratibu wetu aliagiza mizani ya kuning'iniza, ikafungwa kwenye tawi la mwembe mahali ambapo wote wangeiona, na pembeni ukasimamishwa ubao mweusi ulioandikwa kwa chokaa, kwa Kiswahili cha huko kwao, kila ukubwa wa kaya na uzito wake. Kina mama ndio waliokuwa wa kwanza kuutumia. Mmoja wao, mama wa makamo wa kabila la Wabembe, alisimama mbele ya mizani akasoma namba, akasoma ubao, kisha akamwambia mpimaji kwa upole kabisa, “Baba, bado.” Mpimaji akaongeza. Waliofuata nyuma yake wote walisimama wakasoma. Ripoti ya mwezi ule ilionyesha kwamba magunia yaliisha mapema kuliko kawaida, na mtu wa ofisi ya kanda akatuandikia kutuuliza kwa nini matumizi yamepanda.

Mambo ya njiani ni magumu zaidi kuyasimamia. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walichapisha ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, wakaorodhesha vizuizi 798, vingine vya jeshi la serikali, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya mamlaka za mitaa. Karibu kila kimoja hudai kitu. Sasa mweke dereva wa lori la msaada katika njia hiyo. Mkataba wa mfadhili unasema hakuna malipo bila risiti, na unasema kwa herufi nzito zaidi kwamba hakuna senti itakayofika kwa kundi lililowekewa vikwazo, kama M23 ambayo iko kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu mwisho wa mwaka 2012. Mwenye bunduki hatoi risiti, na akitoa, risiti yake yenyewe ni ushahidi wa kosa.

Kinachotokea basi ni kwamba gharama hiyo inahamia mahali isipoonekana. Shirika linamkodi msafirishaji binafsi kwa bei ya jumla, msafirishaji anaweka ndani ya bei yake kila atakacholipa njiani, na kwenye vitabu vya shirika panaonekana ankara moja nadhifu ya usafiri. Mfadhili ameridhika, shirika limeridhika, na wenye vizuizi wamelipwa. Mimi naona huo si udhibiti. Ingekuwa heri mara nyingi mashirika yote yakakaa pamoja, yakaandika kila kizuizi na kila kinachodaiwa, yakakubaliana kwa pamoja kutolipa au kusitisha safari, na mfadhili akakubali kuusoma ukweli huo bila kukata fedha. Shirika moja likikataa kulipa peke yake, lori lake hukaa wiki nzima huku la jirani yake likipita.

Hata upande wetu, ambako hakuna vita, kanuni zilizoandikwa mbali zinaweza kumfundisha mtu mwaminifu kughushi. Kanuni ya ankara kifani tatu, au profoma kama tunavyosema ofisini, ni nzuri pale penye wauzaji watatu. Katika mji mdogo wenye muuzaji mmoja wa turubai, afisa manunuzi hurudi na profoma tatu zenye majina matatu ya maduka, ila tahajia ya neno “turubai” imekosewa kwa namna moja katika zote tatu. Boti za mbao za Kibirizi ni mfano mwingine. Nahodha anazifahamu vizuri njia za ziwa na upepo wake, lakini si wote wenye EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi, na wengine husaini kwa dole gumba. Niliwahi kupendekeza fomu maalumu ya malipo yasiyo na risiti ya mashine: jina la chombo na namba yake ya usajili, idadi ya magunia yaliyopakiwa, bei iliyokubaliwa mbele ya mashahidi wawili, saini ya aliyepokea mzigo upande wa pili, na kikomo cha kiasi ambacho fomu hiyo inaweza kubeba. Ilikubaliwa na mkaguzi mmoja na kukataliwa na aliyemfuata. Bado naamini kwamba fomu ile, ikiwa na saini ya mpokeaji wa ng'ambo, ilikuwa na ukweli mwingi kuliko risiti nyingi za mashine nilizowahi kuzihifadhi kwenye faili.

Kisha kuna suala la fedha zenyewe kufika. M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa. Mamlaka yao ilifungua upya tawi la CADECO mwezi Aprili mwaka huo, lakini benki hiyo ya akiba isingeweza kuziba pengo la mfumo mzima uliokatwa kutoka Kinshasa. Shirika lenye fedha kwenye akaunti halikuweza kulipa mshahara wa mlinzi wake. Katika hali hiyo watu hutumia simu, au mawakala wa kuhamisha fedha, au hubeba dola mkononi, na kila njia ina bei yake. Wakala wa simu anahitaji noti za kumlipa anayekuja kutoa, na noti zikiadimika hukata kiasi chake, rasmi na kisicho rasmi. Dola nazo mashariki mwa Kongo hukataliwa zikiwa na chaniko dogo kabisa pembeni, kwa hiyo noti ya mia iliyotoka benki ya Kigoma ikiwa halali inaweza kufika Kalemie ikapokelewa kwa pungufu ya thamani yake. Hasara hizi zote ni za kweli, lakini katika miundo mingi ya bajeti hazina safu. Mhasibu anayetaka kusema ukweli hana pa kuuandika, naye huuficha kwenye “gharama nyinginezo” hadi mkaguzi aje kumuuliza kwa nini gharama nyinginezo ni kubwa.

Mwaka 2025 ulileta pia pigo ambalo halikutoka kwa mwenye bunduki yeyote. Marekani ilikuwa imetoa kiasi cha asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo mwaka 2024. Tarehe 20 Januari 2025 misaada hiyo ikasimamishwa kwa amri ya rais wao, na kufikia Julai shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Tumezungumza sana, na kwa haki, juu ya dawa zilizokatika na chakula kilichopungua. Sikusikia wengi wakizungumzia usimamizi. Mkaguzi Mkuu wa USAID, Paul Martin, alitoa ripoti tarehe 10 Februari akionya kwamba usitishaji ule na kuondolewa kwa watumishi kumedhoofisha uwezo wa kufuatilia misaada yenye thamani ya dola bilioni 8.2 iliyokuwa bado haijatumika. Kesho yake akafukuzwa kazi. Katika miradi ya huku, bajeti inapopunguzwa, wa kwanza kuondoka ni wafuatiliaji, wahoji wa walengwa na wapokea simu za malalamiko, kwa sababu wao hawabebi gunia. Magunia machache yanayobaki yanakwenda bila wa kuyauliza, na hapo ndipo kila anayetaka kusema kwamba misaada ni wizi mtupu anapata ushahidi wake.

Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri ulitufundisha upande wa pili wa jambo hili, yaani yanayotokea fedha zinapokuwa nyingi mno kwa mara moja. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, na fedha zilimiminika katika maeneo ambayo kwa miaka mingi watu wake walikuwa wameachwa wauawe bila kamera wala posho. Magari ya kukodi yalipanda bei, walinzi wenye silaha wakalipwa posho, ajira za muda zikawa bidhaa ya kuuzwa. Waziri wa zamani wa Afya, Oly Ilunga, alihukumiwa Machi 2020 kifungo cha miaka mitano cha kazi ngumu kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400,000 za mapambano hayo, mashtaka ambayo mwenyewe aliyakana. Na mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani iliandika juu ya wanawake walioahidiwa kazi kwa kudaiwa ngono, na kati ya watuhumiwa walikuwemo watumishi wa shirika hilo lenyewe. Nalitaja hili katika makala ya fedha kwa makusudi. Mtu mwenye mamlaka ya kuandika jina kwenye orodha ya ajira, bila mwingine kuihakiki, ana mamlaka juu ya mwili wa asiye na kazi, na hakuna usuluhishi wa benki utakaolionyesha hilo.

Kuhusu fedha taslimu mkononi mwa mlengwa badala ya unga, maoni yangu ni kwamba kwa upande wa udhibiti zina faida, pale penye soko na mtandao. Kiasi kinachoingia kwenye simu ni namba, na namba haina kopo la mshazari. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walijaribu mpango huo Nyarugusu kuanzia mwishoni mwa 2016, na serikali yetu ikausimamisha mwaka 2017. Serikali ilikuwa na hoja zake za usalama na za uchumi wa maeneo yanayozunguka kambi. Hata hivyo wafanyabiashara wa Kasulu niliowafahamu waliuza mahindi, mafuta na khanga zaidi katika miezi ile kuliko kabla yake, na ningependa kuona jambo hili likijadiliwa upya kwa vitabu vya mauzo mezani.

Limebaki suala la nani anabeba mzigo wa udhibiti. Katika mkutano wa Istanbul wa Mei 2016 wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya fedha za kibinadamu zifike kwa mashirika ya kienyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa, na sababu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba mashirika ya kienyeji hayana uwezo wa kihasibu. Hebu tutazame jinsi uwezo huo unavyonyimwa. Shirika la kimataifa linapokea asilimia fulani ya gharama za uendeshaji, yaani kodi ya ofisi, mhasibu, programu ya hesabu na mkaguzi. Shirika dogo la Fizi linalofanya kazi ile ile kijijini hupewa fedha za shughuli peke yake, magunia na mafuta ya boti, kisha linatakiwa litoe ripoti yenye ubora ule ule. Mhasibu wake ni kijana wa kujitolea anayeandika vitabu usiku kwa tochi ya simu. Masurufu yakichelewa kurejeshwa, yeye ndiye anayeandikiwa barua.

Kwa hiyo wenzangu wa Kigoma mnaoandaa maandiko ya miradi ya watu wa Uvira na Fizi, kabla bajeti hazijapelekwa naomba muangalie safu tatu. Iwepo safu ya gharama za uendeshaji za mbia wa ng'ambo, kwa asilimia ile ile tunayojipa wenyewe. Iwepo safu ya hasara ya kubadilisha fedha na ada za mawakala, kwa jina lake halisi. Na iwepo safu ya mizani, mbao za matangazo na mtu wa kupokea malalamiko ambaye halipwi na mtu wa ghala. Mfadhili akiuliza kwa nini mizani kumi zinagharimu fedha zote hizo, mwambieni alinganishe na thamani ya magunia kumi ya unga kwa kila mgao, kisha atume maswali yake kwa maandishi nasi tutayajibu.